Mume wangu dereva mstaafu anataka tuuze nyumba tukaishi ndani ya basi

Asalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Majengo Mapya, Likoni. Mume wangu ana miaka 61. Tangu kabla hatujaoana amekuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Anapakia bandarini Kilindini, anapanda hadi Malaba, anashusha Kampala au Kigali, anarudi. Nyumbani akikaa siku mbili tatu, nguo zake zikishakauka tu, simu inalia na safari imeshapatikana. Watoto wetu watatu nimewalea mimi. Kliniki, mikutano ya shule, homa za usiku wa manane, msiba wa marehemu baba yangu, yote yalinikuta peke yangu. Sisemi kwa kumlaumu. Pesa alituma na hatukulala njaa. Nasema ili ujue tulivyoishi.

Mwaka jana alistaafu. Nikashukuru, nikasema sasa nimepata mume wa kukaa naye barazani. Alipaka nyumba rangi, akaziba paa pale panapovuja, akatengeneza mlango wa uani, kisha kazi zikamwisha. Sasa saa tisa za usiku huamka, huvaa viatu, akazunguka uani na tochi kama anayekagua matairi.

Siku moja alikwenda Tiwi kumwona rafiki yake, akakuta wazungu wawili, mume na mke, watu wazima kutupita sisi. Wameegesha lori lililojengewa nyumba kwa nyuma. Wanapika humo, wanalala humo, na kamba ya nguo wameifunga kwenye mnazi. Walimkaribisha chai, wakamwonyesha ndani. Aliporudi nyumbani alikuwa na tepu ya kupimia mfukoni.

Kesho yake natoka kuuza mahamri, naingia sebuleni nakuta makochi yamesogezwa ukutani na sakafu imechorwa kwa chaki. Mstari mrefu, mwembamba, upana wake haufiki mita mbili. Hapa kitanda, hapa jiko, hapa sinki, hapa choo. Hicho choo kilikuwa kimraba cha kutosha kandambili zangu na kitu kingine kidogo tu. Akaniambia nisimame pale jikoni nijifanye napika, naye atoke kitandani aende mlangoni. Hakuweza kunipita mpaka nikakaa. Alicheka sana, Shangazi. Nami nilicheka, kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho kumwona na furaha ile.

Sasa si mchezo tena. Amepata Coaster kuukuu iliyokuwa basi la shule, ameshatoa malipo ya kwanza, na imepelekwa gereji huko Jomvu. Pesa za kumalizia, na za kuanzia maisha hayo, anasema zitatoka kwenye nyumba. Tuiuze. "Mama Watoto, nyumba ya nini na watoto wameshaondoka?" Kiwanja hiki nilikipata kwa pesa za chama na mahamri. Kuta alijenga yeye kwa pesa za safari. Hati imeandikwa jina lake kwa sababu ndiye aliyekwenda ofisi ya ardhi.

Nina presha, nameza dawa kila siku. Mama yangu mzee yuko Msambweni, na mimi ndiye ninayemwangalia. Jirani mmoja ameshaanza kuuliza kama tumefilisika. Na choo cha usiku, na kuoga, na mwanamke kujisitiri barabarani, hayo hata sijui nimwulize nani.

Si kwamba sitaki kwenda. Mwisho wa safari zangu ni Voi. Kisumu nimeiona kwenye runinga tu, na kila mara mume wangu aliposimulia Mto Nile pale Jinja nilitamani nami niuone. Ila kuna swali ambalo miaka yote sijamwuliza, juu ya zile siku alizolala njiani. Naogopa kufika mahali akasalimiwa na mtu nikajua jibu kabla sijauliza.

Nimwambie nini?

Mama Watatu, Likoni


SHANGAZI ANAJIBU

Waaleikum salaam, Mama Watatu.

Nianze na nyumba, maana mengine yote mkikosea mtarekebisha, hilo hamtaliweza. Msiuze. Hata kama mnunuzi ameshapatikana na bei ni nzuri. Gari hushuka thamani kila mwaka, na gari la pwani linaliwa na chumvi hata likiwa limesimama. Kiwanja Likoni, tena sasa ambapo njia ya Dongo Kundu imeunganisha kusini na Miritini bila kungoja feri, si kitu cha kubadilishana na basi la shule.

Tena si lake peke yake kuamua. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka idhini ya wote wawili kabla nyumba ya ndoa haijauzwa, haijawekwa rehani, wala haijapangishwa, hata kama hati ina jina la mmoja. Sheria hiyo hiyo inamruhusu Mwislamu aongozwe na sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, na huko nako mali ya mke ni ya mke. Ulichotoa kwenye kiwanja hakikugeuka cha mumeo kwa kuwa yeye ndiye aliyepanga foleni ofisi ya ardhi. Nenda kwa Kadhi ukaulize mapema, kwa wema, kabla hapajatokea maneno makali baina yenu. Tafuta na zile risiti za chama, na mtu aliyeshuhudia manunuzi kama bado yu hai.

Njia ya kati ipo. Pangisheni nyumba, chumba kimoja kibaki chenu, na ufunguo wake ukae kwako. Kodi ndiyo iwe pesa ya dizeli na chakula. Mkichoka, mkiugua, au mama akikuhitaji, mna mlango wa kurudi.

Sasa mumeo. Simwoni kama mtu mbaya. Naona mtu aliyekaa mbali nawe miaka mingi, na sasa anataka kukuonyesha mahali alipokuwa. Hilo ni pendo, na ulivyomweleza akicheka juu ya ile michoro naona nawe unalijua. Lakini lipo jambo asiloliona, na ni lazima umwambie kwa kinywa chako: yeye anarudi kwake, wewe unahama kwako. Kwenye mizani ya Mariakani anajulikana. Mtito Andei wanamwita kwa jina. Anajua kituo gani cha mafuta kina bafu na kipi kina wezi wa dizeli. Wewe unajulikana Majengo Mapya, kwa wateja wako, kwa wenzako wa chama, kwa jirani unayeweza kumgongea saa sita za usiku. Mkiondoka hivi hivi, yeye atakuwa dereva na wewe utakuwa tanboi: kupika, kuosha, kushuka kumwelekeza akirudi nyuma, na kungoja aseme leo tunalala wapi. Uliendesha nyumba peke yako wakati wote huo. Usikubali kuingia kwenye gari hilo ukiwa mdogo kuliko ulivyo.

Kwa hiyo jifunze kuendesha. Nalisema hili kwa uzito wote. Leseni hapa Kenya zina madaraja kulingana na aina na uzito wa gari, basi kabla hujalipa karo kwenye chuo cha udereva uliza ni daraja lipi linalofaa Coaster iliyobadilishwa. Miaka 54 si kitu. Hebu fikiria mko kati ya Maungu na Voi, jua limezama, malori yanapishana, na yeye anashika kifua. Nani atamfikisha hospitali? Akiwa mume mwenye akili, na barua yako inaonyesha ana akili, hoja hiyo ataielewa mara moja. Na siku utakayoshika usukani yeye akiwa amekaa kushoto, mtakuwa wasafiri wawili.

Wako wanandoa walioyaweza maisha haya kwa miaka mingi. Emil na Liliana Schmid wa Uswisi waliondoka mwaka 1984 kwa Toyota Land Cruiser wakaendelea kwa miongo. Mjerumani Gunther Holtorf alianza na Afrika mwishoni mwa miaka ya 1980, na safari ikaja kukoma 2014, gari lake la Mercedes likiwa limepita kilomita 880,000. Leo limewekwa makumbusho huko Stuttgart. Ndoa aliyoondoka nayo mwanzoni haikudumu. Aliyezunguka naye dunia kwa takriban miaka 20, wakilala juu ya magodoro nyuma ya gari lile lile, ni Christine, aliyejiunga naye baadaye na kubaki katika safari hiyo mpaka maradhi yakamchukua mwaka 2010. Gari halikubadilika, na dereva ni yule yule. Ndiyo maana nasema usiende kwa kumridhisha tu. Nenda ikiwa nawe unalo lako unalolitafuta huko, na umelitaja mwenyewe: Kisumu, na Nile ya Jinja.

Hilo gari lenyewe sasa. Kabla fundi hajakata bati hata moja, Baba Watoto aende NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Basi likigeuzwa nyumba, logbuku na gari havisemi tena kitu kimoja, na kubadilisha bodi na matumizi ya gari kunataka idhini na ukaguzi. Watu wengi hufanya kinyume, wanajenga kwanza halafu wanaomba. Bima nayo ifuate. Gari likiungua huku bima inasema ni la kubeba wanafunzi, kampuni itakuwa na sababu ya kukataa kulipa. Ile manjano ya shule iondolewe, na paa lipakwe nyeupe.

Nasema nyeupe kwa sababu ya joto, ambalo wale wa kwenye video za simu wanaozunguka Ulaya kwa magari kama hayo hawalitaji. Bati lililosimama juani Mombasa mwezi wa Februari halikaliki, na usiku wa kaskazi hewa haisogei. Fundi aweke kizuia joto kati ya bati na mbao, paa kwanza kisha kuta. Madirisha ya pande zote mbili yafunguke na yawe na wavu wa mbu, na paani pawe na feni ya kuvuta hewa moto kuitoa nje. Mkiahidiwa kiyoyozi cha usiku kucha kwa sola, ulizeni bei ya betri zake kwanza. Betri za kawaida za risasi zikimalizwa kupita nusu kila siku hazidumu, na zile za lithiamu zinazostahimili zina bei yake. Kwa taa, feni, simu na friji ndogo, sola inatosha vizuri.

Maji yana uzito ambao mtu wa nyumbani haufikirii. Lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 200 likijaa ni kama kubeba watu watatu wazima popote muendako. Likae chini, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, lisitundikwe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Mumeo aliyepita mizani maisha yake yote analijua hili kuliko mimi, lakini mafundi wetu hupenda kurundika kila kitu nyuma, na ukiwa hupo gereji hutaona.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni, pale pale mnapolala. Kabati la mtungi liwe na tundu chini linalotokea nje ya gari. Na jiko la makaa lisiingie ndani kabisa, hata limebaki makaa machache, hata mvua inapiga. Hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na imeua watu usingizini katika nyumba za kawaida, sembuse ndani ya basi lililofungwa madirisha.

Choo umekitaja kwa haya, dada yangu, na ndicho kitakachoamua kama utadumu. Kuna choo cha kubebeka cha vipande viwili. Juu ni kiti na maji ya kusukumia, chini ni tangi lenye kifuniko kinachoteleza na kufunga kabisa, harufu haitoki. Ndani yake hutiwa dawa, na likijaa hutenganishwa, likabebwa kwa mpini hadi kwenye choo cha kawaida likamwagwa. Wauzaji watakwambia linakaa siku tatu nne. Kwetu sisi tunaojitwahirisha kwa maji hujaa upesi zaidi, kwa hiyo chukueni kubwa kuliko mnavyoshauriwa, na kulimwaga kuwe kwa zamu. Kile kimraba cha chaki hakitoshi. Mwanamke anataka nafasi ya kuinama, kuchota na kusimama bila kugonga kiwiko, na mlango unaofunga kwa ndani, pazia halitoshi.

Tena ile ramani yote ichorwe upya, chaki ukiwa nayo wewe. Kitanda kilazwe nyuma kabisa kwa upana wa gari, njia ibaki wazi kutoka mlangoni. Kama Baba Watoto ni mrefu, kitanda cha namna hiyo kitamkunja miguu, basi kiwekwe upande mmoja na jiko lisogee mbele, ilimradi mnaweza kupishana bila mmoja kukaa. Kupishana si jambo dogo. Watu waliooana huchoshana kwa vitu kama hivyo kabla hawajachoshana kwa maneno. Uwe na kabati lako lenye kufuli, na upande wa nje wa gari pawe na turubai la kukunjua, ili mmoja akitaka kukaa peke yake apate kivuli cha kukaa. Wewe umezoea nyumba kuwa yako siku nzima. Upweke wa namna hiyo utautamani kuliko unavyodhani.

Kuhusu pa kulala, hapa ndipo mazoea yake na mahitaji yako yatagongana. Dereva wa lori hulala kituo cha mafuta au kwenye foleni ya malori, kwa kuwa pana mlinzi na taa. Kwake ni usalama. Kwako ni injini zinazonguruma hadi alfajiri, macho ya watu, na bafu la wanaume. Kubalianeni hivi: yeye achague njia, wewe uchague mahali pa kulala, na gari liwe limesimama kabla ya giza. Pwani hii kuanzia Tiwi na Diani hadi Kilifi na Watamu kuna sehemu wanakopokea watu wa kambi, penye maji na vyoo. Ndani ya Tsavo Mashariki kuna kambi ya Ndololo karibu na lango la Voi, na huko sheria yenyewe haitaki mtu azurure usiku. Mkiegesha kijijini, nendeni kwanza kwa mzee wa mtaa mkajitambulishe. Mwanamke mtu mzima akishuka garini akasalimia, mnaazimwa hadi kisima.

Msianze na Kampala. Mzunguko wa kwanza uwe Msambweni, ulale uani kwa mama yako, kisha Shimoni na Lunga Lunga, mrudi. Ukiwa hapo Msambweni utajua kama presha yako inatulia kwenye kitanda kile, na mama atakuona unazunguka karibu naye. Mpange pia na ndugu zako nani atamwangalia utakapokuwa mbali, kwa majina na kwa siku, kwa maana "tutaangalia" ya ndugu haijawahi kumpeleka mgonjwa kliniki. Baadaye mfuate majira. Kaskazi inapochoma, Januari hadi Machi, pandeni Taita. Wundanyi kuna baridi ya kuvaa sweta, ila njia ya kutoka Mwatate ni kona na mwinamo, na breki za Coaster kuukuu zikaguliwe kwanza. Mkiwa njiani mtapita Mackinnon Road, ule msikiti ulio kando ya reli ambako wasafiri wengi husimama. Masika ikianza, Aprili na Mei, rudini nyumbani mkae, kwa sababu njia za udongo za Kwale na Kilifi zikilowa hazichagui gari. Kusi ikituliza joto, Julai hadi Septemba, ndiyo miezi ya kwenda Malindi na Mambrui. Wenye kufika hadi Lamu huacha gari Mokowe wakavuka kwa boti, na barabara ya kutoka Garsen husafiriwa mchana, baada ya kuuliza polisi hali ilivyo. Mkishauzoea mwaka mzima wa namna hiyo, Jinja haitakimbia. Mpaka wa Malaba mumeo anaujua, cha kuongeza ni kadi ya njano ya COMESA ya bima na karatasi za forodha zenye jina la gari binafsi, si la mzigo.

Dawa za presha chukua za miezi, si za wiki, zikae mahali penye kivuli, na ununue kile kipimo cha mkononi. Hakikisheni nyote mmesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, kabla ya kutoka. Majirani watasema mmefilisika kwa mwezi mmoja, kisha watauliza mmeona nini.

Nimeliacha lile swali mpaka hapa kwa sababu ndilo zito. Mwulize. Mwulize nyumbani, mkiwa na mlango wa kutokea, na jamaa wakiwa hawako mbali. Usilibebe ndani ya gari. Nyumbani ukikasirika utakwenda kwa jirani, utapika mahamri, utalia chumba kingine. Ndani ya Coaster iliyosimama Mtito Andei saa nne za usiku huna pa kwenda, na yeye hana. Ukimwuliza usimwekee mtego. Mwambie: nataka kufuatana nawe njia zako zote, na sitaki kukutana na jambo lolote lililopita kwa kulishtukia, basi kama lipo niambie wewe. Kisha nyamaza. Mtu akikaa kimya muda mrefu mwache akae, usimjazie maneno.

Jibu linaweza kuwa hakuna kitu, na umejitesa bure. Linaweza kuwa kulikuwa na kitu zamani, kikaisha. Linaweza kuwa kuna mtoto mahali. Kila moja lina njia yake, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloamuliwa siku moja. Lolote atakalosema, nendeni mkapime pamoja, Virusi vya Ukimwi na mengineyo, kwa moyo mweupe, kama watu wazima wanaopendana. Barabara kuu hii imewapoteza wengi kwa maradhi hayo, na dawa zipo kwa atakayejua mapema. Ikiwa jibu lake limekuvunja moyo kiasi cha kutotaka kulala chumba kimoja naye, basi gari lingoje. Malipo ya kwanza si hoja. Pesa iliyokwenda gereji ni ndogo kuliko miaka iliyobaki.

Kaa naye Ijumaa, baada ya chakula, simu zote zimezimwa. Anza na nyumba, kisha lile swali, gari liwe la mwisho. Akikataa la nyumba, usitie sahihi karatasi yoyote, hata ya "kuonyesha tu mnunuzi", na umwite kaka yako na mtu wa upande wake mkae pamoja. Akikubali nyumba isiuzwe na akakujibu kwa ukweli unaoweza kuishi nao, nendeni wote wawili Jomvu mkamwambie fundi aanze na paa, na wewe Jumatatu ukajiandikishe udereva.

Shangazi